Mheshimiwa na Medali ya Amani: Nilivyosema Pale Kisumu

Wale mlikuwa ukumbini juzi mnajua maiki ilizima mara tatu na mvua ikapiga mabati mpaka watu wa nyuma wakabaki kuangalia midomo yangu tu. Tangu hapo vijana wameniandama kwa WhatsApp, madam tuandikie ile hotuba, madam usituangushe. Haya, nimekaa nikaandika. Nimeiweka vile niliisema, na pale nilipokatizwa na maswali nimeacha hivyo hivyo, sijaipiga pasi.

Oyawore uru. Hamjambo nyote. Wazee wetu pale mbele heshima zenu, na mchungaji asante kwa kutupa ukumbi bure.

Wengi hapa mnanijua. Nilifundisha historia miaka thelathini na ushee, na nikiangalia hizi sura naona wengine nilikuwa nawatoa nje ya darasa kwa kelele, leo ndio mmevaa tai mnanipimia dakika. Nilipostaafu nikaingia biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nauza Kibuye, na siku ya soko Sondu huwa niko huko na magunia yangu. Kwa hivyo mtanivumilia, leo nitachanganya omena na Oslo, kule Norway wanakotolea Nobel ya amani.

Swali mlilonipa ni kama wanasiasa, hawa wenye viti, marais na mawaziri wakuu, wanastahili kupewa tuzo za amani za kimataifa. Mlitaka niseme ndiyo ama la. Mimi jibu langu ni ngoja kwanza, na si ati nakwepa swali, nitawaonyesha.

Tarehe 9 Oktoba 2009, ilikuwa Ijumaa, saa sita hivi mchana, niko na kidato cha tatu nafundisha mkutano wa Berlin, wazungu wanagawana Afrika kama keki. Mara nasikia honi huko barabarani, boda zinalia, mtu anapiga firimbi, karani wa ofisi anakuja mbio na viatu mkononi anasema Obama amepewa Nobel! Wacha. Darasa lilisimama. Madawati yakapigwa, mmoja akapanda juu ya kiti, mimi mwenyewe nilicheka nikapiga makofi kwa sababu Kogelo, kijiji cha baba yake, ni hapo tu Siaya na kijana wa nyumbani ni kijana wa nyumbani. Walipotulia kidogo nikauliza swali la mwalimu, haya, amepewa kwa kazi gani? Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma kabisa, wale wa kulala, akasema, "Madam, kwa kazi atakayofanya."

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini ile sentensi haijaniacha mpaka leo.

Kwa sababu angalieni. Huyo bwana aliapishwa 20 Januari 2009. Dirisha la kupendekeza majina ya mwaka huo lilifungwa mwanzo wa Februari, yaani hata wiki mbili hazijaisha, bado anatafuta swichi za taa kwa ile nyumba. Uamuzi ukatoka Oktoba akiwa na miezi minane na kitu. Tarehe 1 Desemba akatangaza anaongeza wanajeshi 30,000 Afghanistan, na siku tisa baadaye, tarehe 10, akasimama Oslo kuchukua medali ya amani, na ndani ya hotuba yake akaeleza kwamba kuna vita vingine lazima vipiganwe. Mimi simlaumu sana yeye, nawaambia ukweli. Siku ileile ya kutangazwa alisema mwenyewe haoni kama anastahili kusimama pamoja na waliopewa kabla yake, na zile pesa, dola milioni 1.4, alizigawa zote kwa misaada. Wa kuulizwa ni waliompa. Hata aliyekuwa katibu wa kamati ya Nobel, Geir Lundestad, alikuja kuandika 2015 kwamba tuzo ile haikuzaa matunda waliyotarajia.

Sisi watu wa omena hii kitu tunaijua. Kuna siku mvuvi anakuja, anakuambia mama nipe pesa ya mafuta ya taa na chakula cha vijana, kesho alfajiri omena yote ni yako. Unampa. Omena inavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa haiji kwa taa, na wewe umesahau kuangalia mwezi. Asubuhi boti inarudi na maji tu. Utamfanya nini? Pesa imeenda. Nimeliwa hivyo mara mbili, ya tatu nikajifunza kulipa gunia likiwa limekauka, liko juu ya mizani, na mkono wangu umeingia mpaka chini kuangalia kama kuna mchanga.

Sasa tuzo nyingi za wanasiasa ni pesa ya mafuta ya taa.

Kabla sijaendelea wacha niwaeleze hii Nobel inatoka wapi maana watu wanadhani inashuka mbinguni. Alfred Nobel alikuwa Mswidi, tajiri, ndiye alivumbua baruti kali ile ya kulipulia mawe, dainamaiti. Aliandika wosia wake 1895, akafa 1896, na kwa wosia akasema pesa zake zizae tuzo kila mwaka, moja ya wale wameleta undugu kati ya mataifa, wamepunguza majeshi, wameitisha mikutano ya amani. Hiyo ya kupunguza majeshi mkumbuke, halafu mrudi kwa zile 30,000. Wanaoamua ni watu watano wanaochaguliwa na bunge la Norway, na mara nyingi hao watano wenyewe ni wanasiasa waliostaafu. Kwa hivyo ukishangaa kwa nini wanasiasa wanapendana, ndiyo hiyo.

Na mwenye haki ya kupendekeza jina ni mbunge yeyote wa nchi yoyote, waziri, profesa wa historia au sheria au dini, waliowahi kushinda, na kadhalika. Mbunge yeyote! Kumaanisha mheshimiwa wetu hapa akiamka vizuri anaweza kumpendekeza shemeji yake. Mwaka wa 1939 kuna mbunge Mswidi alimpendekeza Hitler, alikuwa anafanya kejeli, watu hawakuelewa utani akaliondoa jina haraka. Stalin naye alipendekezwa, mara mbili, 1945 na 1948, na hiyo haikuwa utani. Basi mkiona bango la kampeni limeandikwa ati mtu fulani alipendekezwa kwa tuzo ya amani, pitieni tu kwenda zenu.

Kisumu na hii tuzo tumetoka mbali, hamjui tu. Tuzo ya kwanza ilitolewa Desemba 1901, na mwezi uleule reli kutoka Mombasa ilikuwa inafika hapa ziwani, wakati huo wakipaita Port Florence. Miaka minane baadaye, Desemba 1909, akashuka hapa kwa treni mzungu mmoja wa miwani na masharubu, akapanda meli kuvuka kwenda Entebbe. Theodore Roosevelt wa Marekani. Huyo ndiye rais wa kwanza duniani kupewa Nobel ya amani, 1906. Alikuwa ametoka kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit katika ile safari waliangusha wanyama zaidi ya 500, simba, ndovu, vifaru, na hesabu aliiweka mwenyewe kwa kitabu. Mtu wa amani huyo! Kifaru angepewa kura Oslo sijui angesemaje.

Lakini tusimwonee. Alipewa kwa sababu aliwaketisha Urusi na Japani 1905 wakamaliza vita vyao, na kweli walimaliza, bunduki zilinyamaza. Mimi nilikuwa nafundisha hiyo mada na kila mara nauliza darasa, kwa ule mkataba Korea ilikuwa wapi? Korea haikuwa mezani. Mkataba ulikubali kwamba Japani ndiye mwenye neno Korea, na kufikia 1910 Japani ikaimeza nzima. Hiyo kwetu tunaijua sana, majirani wawili wanapatana juu ya mpaka, wanachinja mbuzi, wanapeana mikono, na shamba walilogawana ni la mjane wa tatu ambaye hakuitwa. Na chifu anapigiwa makofi kwa kupatanisha.

Ya Vietnam nitaipitia haraka. 1973 wakawapa wawili, Henry Kissinger wa Marekani na Le Duc Tho wa Vietnam Kaskazini, kwa mkataba wa Paris. Wanakamati wawili wakajiuzulu kwa hasira. Kissinger akachukua. Le Duc Tho akakataa, akasema amani bado haijafika Vietnam, atachukuaje tuzo ya kitu ambacho hakipo. Na hakikuwepo kweli, vita viliendelea mpaka Aprili 1975. Katika watu wote waliowahi kupewa hiyo tuzo ni yeye pekee aliyeikataa kwa hiari yake, na mimi huyo mzee, hata kama mengine yake siyakubali, kwa hilo moja nampigia saluti. Aliangalia ndani ya gunia.

Turudi karibu na nyumbani. Ethiopia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Abiy Ahmed aliingia uwaziri mkuu Aprili 2018, Julai akaenda Asmara akakumbatiana na Isaias, rais wa Eritrea, watu wa familia zilizokuwa zimetenganishwa miaka ishirini wakapigiana simu, wengine walipiga namba yoyote tu ya upande ule wasikie sauti. Nililia, sitaficha. 2019 akapewa Nobel. Novemba 2020 vita vikaanza Tigray, na wanajeshi wa Eritrea, wale wale wa kukumbatiana, wakaingia humo humo kupigana upande wake. Watu wakafa kwa wingi wa kutisha, njaa, wanawake wakatendewa mambo ambayo siwezi kuyataja kanisani. Januari 2022 kamati ya Oslo ikatoa taarifa ikisema ati yeye kama waziri mkuu na kama mshindi wa tuzo ana jukumu la pekee la kumaliza vita. Ndiyo hapo walipofika. Kumnyang'anya hawawezi, sheria zao hazina hiyo, ukishapewa ni yako mpaka kaburini.

Na hapo ndipo mimi huuma kidole. Mtu wa kawaida akipewa tuzo kimakosa, hasara ni aibu. Mwanasiasa akipewa kimakosa, ile medali inakuwa ngao. Anaenda nayo kila mahali. Nani atamwambia kitu? Mtu wa amani ana karatasi ya Oslo ukutani!

Sasa mniruhusu nije kwetu, na hapa naomba tuongee polepole.

Mwisho wa 2007 tulipiga kura. Sina haja ya kuwaambia kilichofuata, hapa Kondele mlikuwepo, wengine mlikuwa watoto mnafichwa chini ya vitanda. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Nakuru watu walilala uwanja wa maonyesho kwa mahema, hapa kwetu mabasi yalileta watu wetu kutoka Naivasha na Nakuru wakiwa na nguo moja na kovu. Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaja, na mama Graça Machel, na mzee Mkapa wa Tanzania, wakakaa na hawa wetu zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe 28 Februari 2008, Alhamisi jioni, Kibaki aliyekuwa rais na Raila mpinzani wake wakatia sahihi pale nje ya Harambee House, tukaona kwa tivii.

Nitawaambia kitu ambacho wanaharakati wenzangu hawapendi nikisema. Ile sahihi ilifanya kazi. Usiku ule sikusikia bunduki. Nilikuwa nimezoea kulala na viatu, siku hiyo nikavivua. Kwa hivyo usije ukaniambia wanasiasa hawana maana kwa mambo ya amani, wana maana sana, wino wa watu wawili ulinyamazisha kitu ambacho maombi yetu ya wiki saba hayakunyamazisha. Anayesema amani inatoka chini peke yake hajawahi kulala na viatu.

Lakini. Hao waliotia sahihi ndio ugomvi ulikuwa wao. Mimi sikuwa nagombana na mtu. Yule Mkikuyu wa duka la vipuri aliyekimbia akaniachia ufunguo hakuwa anagombana na mimi. Jirani yako akiwa na kiberiti na petroli na nyumba yako inaungua, halafu yeye ndiye anakuja na maji, utamshukuru kwa maji, ndiyo, nyumba iliyobaki imebaki. Lakini ati tumfanyie sherehe? Annan mpeni, yeye hakuwa na kiti hapa, na hata hivyo Nobel yake alikuwa nayo tayari tangu 2001.

Hapa ndipo kijana mmoja wa boda, reflekta bado mwilini, akasimama bila kungoja maswali, akasema, madam, na handisheki je? Ukumbi ukaguna. Nilijua itakuja.

Handisheki ya 9 Machi 2018, Uhuru aliyekuwa rais na mpinzani wake hayati Raila, ngazi zile zile za Harambee House. Mimi nilisema na narudia, biashara ilirudi. Mwaka wa 2017 tulikuwa tunafunga vibanda saa tisa tukisikia tiagasi Kondele na Nyalenda, baada ya handisheki tukafungua mpaka usiku. Hiyo naikubali kwa roho moja. Swali langu kwa handisheki ni lile lile la Korea. Wazazi waliopoteza watoto kwa risasi mwaka huo walikaa kiti gani kwa yale mazungumzo? Wao walisikia kwa redio kama mimi. Huyo kijana alikaa chini hajafurahi, na sikumlaumu, wengine wetu tulimpenda Baba, yaani Raila, kuliko hoja.

Basi kama ni hivyo, kuna mwanasiasa yeyote anayestahili? Wapo. Mimi nawapima kwa kitu kimoja, amani hiyo ilimtoa nini mwenyewe.

Anwar Sadat wa Misri alienda Jerusalem 1977, kwa adui, akapewa Nobel 1978 pamoja na Menachem Begin wa Israeli, na 6 Oktoba 1981 wanajeshi wake mwenyewe wakampiga risasi kwenye gwaride. Yitzhak Rabin wa Israeli alipewa 1994 pamoja na Peres mwenzake na Arafat wa Palestina, mwaka uliofuata Novemba akauawa na Myahudi mwenzake kwa sababu ya amani hiyo hiyo. Huko bado hakujatulia mpaka leo, nyote mnaona, kwa hivyo hata kufa hakutoshi kuleta amani. Lakini hakuna atakayesema hao wawili walifanya mchezo wa kamera.

De Klerk wa Afrika Kusini ananisumbua kichwa. Alikuwa rais wa serikali ya ubaguzi, mikono yake si safi hata kidogo, na 1993 wakampa pamoja na Mandela, wengi Afrika walikasirika ati mnampaje mlinzi wa jela tuzo sawa na mfungwa. Nilikasirika pia. Siku hizi nimepoa kidogo. Huyo mtu aliandaa uchaguzi ambao alijua ataupoteza, na akaupoteza Aprili 1994, na akampisha. Nionyesheni hapa kwetu diwani, sisemi rais, diwani tu, ambaye ameandaa kitu akijua kitamtoa kitini. Na Mandela naye angalieni vizuri, alipopewa hakuwa na cheo cha serikali hata kimoja, alikuwa na miaka 27 ya jela.

Mama mmoja wa kwaya akainua mkono, akauliza, na Wangari Maathai? Si alikuwa serikalini? Swali zuri sana, na ni kweli, 2004 alipopewa alikuwa mbunge wa Tetu na waziri msaidizi wa mazingira. Lakini hakupewa kwa hiyo. Ile kazi ya miti aliianza 1977, wakati kulikuwa hakuna gari la serikali wala bendera. 1989 alipopinga lile jumba la ghorofa Uhuru Park alitukanwa bungeni, 1992 alipigwa pale pale akiwa pamoja na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Januari 1999 alipasuliwa kichwa Karura akijaribu kupanda mche. Miaka ishirini na saba ya kulipa kabla ya kulipwa. Huyo gunia lake lilikuwa limekauka zamani.

Na kuna mwenzake ambaye hamumtaji na ni wa kwetu, Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya tisini koo zilikuwa zinauana huko, na yeye na wanawake wenzake wakaanzia sokoni. Sokoni! Wakasema hapa ndani, hakuna kuuliza mtu ni wa ukoo gani, kila mtu anauza na kununua. Kutoka hapo wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa vijana wenye bunduki. Alipewa Right Livelihood Award 2007, na 2008 nchi ilipowaka alikuwa kati ya wale walikaa Nairobi wakitafuta njia. Ajali ya barabarani ilimchukua 2011. Ukiuliza Kisumu nzima sijui kama utapata watu kumi wanaolijua jina lake, na wote tunajua nani alipeana mkono na nani ngazini.

Sasa kuhusu ngoja yangu. Kuna mtu ameshaifanya, Mo Ibrahim, yule Msudani wa simu, mliokuwa na laini ya Celtel mnakumbuka. Alianzisha tuzo ya viongozi wa Afrika, dola milioni 5 kwa miaka kumi na baada ya hapo 200,000 kila mwaka maisha yote. Lakini lazima uwe umetoka kitini, ndani ya miaka mitatu iliyopita, ulichaguliwa kihalali na ukaondoka muda wako ulipoisha. Wa kwanza alikuwa Chissano wa Msumbiji 2007. Halafu 2009 hawakupata mtu. 2010 hawakupata mtu. 2012, 2013, hakuna. Watu walicheka ati tuzo haina wa kuchukua. Mimi naona hiyo ndiyo mizani inafanya kazi, mizani ambayo kila gunia linapita hiyo imeharibika.

Na angalieni mama Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, amepata zote mbili. Nobel walimtangaza 7 Oktoba 2011, siku nne kabla ya uchaguzi ambao yeye ni mgombea, wapinzani wake wakapiga kelele na walikuwa na haki. Ya Mo Ibrahim ilitangazwa akiwa ameshamkabidhi George Weah kiti Januari 2018, kwa amani, na hakuna aliyepiga kelele. Ni mama yule yule, tofauti ni siku ya kupima tu.

Jimmy Carter aliyekuwa rais wa Marekani pia. 1978 Sadat na Begin wanapewa, yeye aliyewafungia Camp David siku kumi na tatu mpaka wakakubaliana akaachwa nje. Akashindwa uchaguzi 1980, akarudi kijijini. Wakampa 2002, miaka ishirini na mbili baadaye, na katikati hapo alikuwa anasimamia uchaguzi kwa nchi za watu na anapigana na ule mnyoo wa maji machafu unaotokea mguuni, Guinea, ambao mwaka wa 1986 ulikuwa unashika watu milioni tatu na nusu hivi na sasa unahesabika kwa vidole. Akiwa hana jeshi, hana kura ya kutafuta. Ukimpa mtu wa aina hiyo hakuna wa kukuuliza kwa kazi gani.

Nimalizie na Sondu, maana dakika zimeisha na mwenyekiti ananiangalia.

Sondu mnaijua, soko limekaa juu ya mpaka, upande huu Kisumu, upande ule Kericho. Kuna kipindi kulikuwa na vurugu, mishale, maduka yakachomwa, soko likafungwa. Mimi nina mwenzangu wa upande ule, Mkipsigis, anauza mananasi, tumejuana miaka mingi, yeye hali samaki lakini wateja wake wanakula, na mimi watoto wangu wanaua nanasi. Wiki ya pili akanipigia simu usiku. "Madam, mananasi yanaoza huku." Nikamwambia omena haiozi lakini mimi naoza. Tukapatana tukutane darajani saa moja asubuhi kabla vijana hawajaamka. Nilienda na gorogoro yangu, kopo la kupimia, na gunia moja kichwani, mkono unatetemeka, yeye akaja na kijana wake mdogo akisukuma mkokoteni. Hatukusalimiana sana. Nikapima gorogoro, nikajaza mpaka ikatengeneza kilima kama kawaida, nikaongeza ya mkono, yeye akahesabu mananasi. Pesa hatukuwa nazo wote wawili kwa hivyo tukaandika kwa daftari la shule, deni kwake, deni kwangu. Siku iliyofuata wakaja wawili zaidi. Baada ya wiki tulikuwa labda ishirini pale darajani, na wale vijana wa mishale walikuwa wanakuja kununua omena ya mia wakiwa na aibu.

Soko lilipofunguliwa rasmi, mheshimiwa akaja. Jina silitaji na upande sitaji. Msafara, vipaza sauti, fulana mpya zimechapishwa neno amani. Akapanda juu ya gari akasema sisi viongozi wenu tumekaa chini, tumewaletea amani. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, sikuwa na ugomvi naye. Halafu akashuka kupita kwa meza zetu na watu wa kamera nyuma, akafika kwa mwenzangu, akachagua nanasi kubwa, akaliinua juu, wakampiga picha, akampa mlinzi wake alibebe, msafara ukaondoka.

Lile daftari tunalo mpaka leo, tumeshalipana kila kitu, kila mstari umekatwa. Umebaki mmoja. Mwenzangu aliuandika kwa mkono wake, kalamu nyekundu: mheshimiwa, nanasi 1, sh. 100.